Mwongozo Kamili: Kupata Idadi Sahihi ya Antena kwa Kituo cha Intaneti Kinachotumia Sola Vijijini Dodoma

Wengi wanaopanga kituo kidogo cha intaneti chenye antena nyingi, hasa vijijini ambako umeme wote unatoka kwenye paneli za sola, hukwama mahali pamoja. Wanasoma kwamba kadiri antena zinavyoongezeka ndivyo nguvu ya kurusha mawimbi inavyoweza kupunguzwa, wanachagua mtambo wenye antena 64, kisha betri inakwisha kabla ya alfajiri. Chanzo karibu kila mara ni kilekile: hesabu imefanywa kwa wati zinazorushwa hewani peke yake, ilhali betri hulipia pia saketi iliyo nyuma ya kila antena, prosesa, feni na vifaa vingine ambavyo haviangalii kama kuna data inayopita au la.

Mwongozo huu unakupitisha katika hesabu nzima, kuanzia kupima mtambo mpaka kuukabidhi. Mfano utakaotumika ni wa kituo kimoja cha kufikirika katika kata ya vijijini mkoani Dodoma, kinachohudumia vipokezi vinne vilivyofungwa mahali pamoja: shule ya sekondari, zahanati, ofisi ya kata na eneo la mnada. Namba za mfano zimechaguliwa ili ufuatilie hesabu kwa urahisi. Zako utazipata kwa kupima, na ndizo zitakazokupa jibu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtambo wa redio unaoruhusu kuzima antena kwa makundi na kubadilisha nguvu ya kurusha kupitia programu yake. Kama mtambo hauruhusu hayo, hatua ya 6 haitawezekana, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.
- Klampu mita inayopima mkondo wa DC, pamoja na multimita ya kupimia volti.
- Kompyuta yenye programu ya lahajedwali.
- Ramani ya eneo, dira na kipimapembe. Simu yenye GPS inatosha kwa kazi hii.
- Kifaa cha kupima nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, kwa kipimo cha dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati 1).
- Programu ya iperf3, inayopima kasi ya data, kwenye kompyuta moja kwa kila kipokezi na nyingine upande wa mnara, kwa ajili ya jaribio la mwisho.
- Kibali cha masafa kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hatua ya kupima umeme inaweza kufanyika maabara, mtambo ukiwa umefungwa mizigo bandia (vifaa vinavyomeza nguvu ya mawimbi bila kuirusha) badala ya antena, lakini usirushe chochote hewani kabla ya kuwa na kibali.

## Hatua ya 1: Andika mahitaji kwa saa, si kwa siku

Orodhesha vipokezi vyote na kasi ambayo kila kimoja kinahitaji, ukitenganisha saa za shughuli nyingi na saa za utulivu. Katika mfano wetu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku kila kipokezi kinaweza kuhitaji megabiti 75 kwa sekunde, yaani megabiti 300 kwa vyote vinne. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, megabiti 40 kwa vyote zinatosha.

Sababu ya kutenganisha saa ni kwamba idadi ya antena inayofaa mchana haifai usiku, na wastani wa siku nzima utakuficha jambo hilo. Angalia pia siku ya mnada, ambayo vijijini hubadilisha kabisa picha ya matumizi. Panga kwa siku hiyo, si kwa Jumanne ya kawaida.

## Hatua ya 2: Pima umeme unaoliwa na mtambo wenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua matokeo yote. Karatasi ya maelezo ya mtambo hutaja matumizi ya juu kabisa ya umeme, na pengine matumizi ya kawaida, lakini haitenganishi sehemu inayotokana na antena na sehemu inayotokana na mengine. Wewe unahitaji namba tatu zilizotengana:

- w, wati za msingi: umeme unaoliwa hata kama antena zote zingezimwa. Humo mna prosesa, saa ya mtambo, kiungo cha kupeleka data mjini na feni.
- s, wati za kila saketi: umeme unaoongezeka kwa kila antena moja inayowashwa, kabla haijarusha mawimbi.
- u, ufanisi wa amplifaya (kikuza nguvu cha mawimbi): sehemu ya umeme unaoingia kwenye amplifaya ambayo hutoka kama mawimbi. Iliyobaki yote hugeuka kuwa joto.

Zipime hivi. Weka klampu mita kwenye waya wa DC unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mtambo, soma volti kwa multimita, kisha zidisha volti kwa ampea upate wati. Shusha nguvu ya kurusha iwe ndogo kabisa inayoruhusiwa. Washa antena 8, subiri dakika kumi ili joto litulie, andika wati. Rudia kwa antena 16, 24 na 32.

Tuseme umepata wati 28, 36, 44 na 52. Kila kundi la antena 8 limeongeza wati 8, kwa hiyo s ni wati 1. Ukirudi nyuma kutoka antena 8 hadi sifuri unabaki na wati 20, nayo ndiyo w.

Sasa acha antena zote 32 zikiwa zimewashwa na upandishe nguvu ya kurusha. Tuseme kwa wati 3 za kurusha unapata wati 62 za umeme, na kwa wati 6 unapata 72. Wati 3 za mawimbi zimegharimu wati 10 za umeme, kwa hiyo u ni 0.3.

Tahadhari. Ufanisi wa amplifaya haubaki palepale ukishusha nguvu. Katika amplifaya nyingi hushuka kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha nguvu inayotoka, maana yake ukipunguza nguvu mara nne, ufanisi hupungua karibu nusu. Kwa sababu hiyo pima u karibu na nguvu unayotarajia kuitumia kweli. Pia pima mchana, kifaa kikiwa juani kama kitakavyokuwa kwenye mnara, kwa kuwa feni zinazozunguka saa 8 mchana huongeza w ambayo hutaiona ukipima usiku.

Utajua umefaulu pale ambapo ukichora wati dhidi ya idadi ya antena, nukta zinakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nukta moja ikitoka nje ya mstari, irudie, kwani kwa kawaida kuna feni iliyowaka katikati ya kipimo au kundi la antena ambalo programu inadai limezimwa na kumbe bado linakula umeme. Hali hii ya mwisho ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na ni vema uigundue mezani kuliko juu ya mnara.

## Hatua ya 3: Pata nguvu ya njia kati ya mnara na kipokezi

Unahitaji namba moja zaidi, g: uwiano wa ishara na kelele ambao kipokezi kingepata kama antena moja ingekirushia wati 1. Itafute kwa kipokezi kilicho na njia mbaya kuliko vyote.

Kwa makadirio ya kwanza, upotevu wa mawimbi katika anga tupu kwa desibeli ni 32.44, kujumlisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita, kujumlisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi. Kwa kilomita 2 na megahezi 2,000 unapata desibeli 104.5. Miti, kuta na mawe huongeza. Ukipima kwenye eneo lenyewe na kutoa faida ya antena (desibeli ambazo antena huongeza kwa kukusanya nguvu upande mmoja), tuseme unafika desibeli 130.

Kelele ya joto ni −174 dBm kwa kila hezi. Kwa upana wa masafa wa megahezi 20 ongeza desibeli 73, kisha ongeza desibeli 7 za kelele ya kipokezi chenyewe, upate −94 dBm. Wati 1 ni 30 dBm. Basi 30 − 130 + 94 ni −6, na desibeli −6 ni sawa na 0.25. Hiyo ndiyo g ya mfano wetu.

Tahadhari ya Dodoma. Vichaka vya kanda ya kati hupukutisha majani katika miezi ya kiangazi na kuyarudisha mvua zinapoanza kunyesha, kwa kawaida kuanzia Desemba. Ukipima Septemba vichaka vikiwa vitupu, utapata njia nzuri kuliko utakayokuwa nayo Februari. Kama njia ya mawimbi inapita juu ya vichaka au katikati ya mibuyu, busara ni kuongeza desibeli 3 hadi 6 kwenye upotevu uliopima wakati wa kiangazi.

Kosa la desibeli 6 si dogo. Linafanya g iwe robo, na kama utakavyoona hatua ya 5, linaweza karibu kuongeza maradufu idadi ya antena inayofaa.

## Hatua ya 4: Chunguza pembe kati ya vipokezi

Faida ya antena nyingi inatokana na uwezo wa mtambo kuelekeza mawimbi ya kila kipokezi upande wake bila kuvuruga vingine, hata vyote vinne vikatumia masafa yaleyale kwa wakati uleule. Katika mji wenye majengo mengi mawimbi hugonga huku na kule, hivyo kila kipokezi hupata njia yake ya pekee. Katika tambarare za Bahi au Chamwino mambo ni tofauti: mara nyingi mnara na kipokezi vinaonana moja kwa moja, na kinachotenganisha vipokezi ni pembe peke yake.

Simama mahali pa mnara, pima kwa dira mwelekeo wa kila kipokezi, andika tofauti za pembe. Kisha linganisha na upana wa boriti ya mawimbi, yaani pembe ambamo mawimbi yaliyoelekezwa hukusanyika. Antena zikipangwa kwa nafasi ya nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa megahezi 2,000 ni sentimita 7.5, upana huo kwa nyuzi ni takriban 102 ukigawanya kwa idadi ya antena zilizo kwenye mstari wa mlalo. Antena 8 kwa mlalo zinatoa boriti ya nyuzi 13 hivi, ambayo kwa umbali wa kilomita 2 ni upana wa mita 440. Antena 32 zote kwenye mstari mmoja zinatoa nyuzi 3 na kidogo, yaani mita 110.

Hapa ndipo mpangilio wa bamba, yaani ubao uliobeba antena, unapokuwa na uzito kuliko idadi. Bamba la antena 32 lililopangwa safu 4 za antena 8 haliwezi kutenganisha shule na zahanati zilizojengwa upande mmoja wa barabara ileile mita 200 kutoka moja hadi nyingine, ilhali antena hizohizo zikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo zinaweza. Vijiji vyetu vingi vimejengwa kando ya barabara kuu, kwa hiyo mnara uliowekwa mwisho wa kijiji, kandokando ya barabara, utaviona vipokezi vyote upande mmoja. Ukiweza kuchagua eneo, weka mnara pembeni, mbali kidogo na barabara, ili vipokezi vitawanyike mbele yake. Uamuzi huo haugharimu wati hata moja, na unaweza kukupa zaidi ya kile ambacho antena kumi za ziada zingekupa.

Kama vipokezi viwili haviachani kwa pembe, usivihudumie kwa wakati mmoja. Vipe zamu, na katika hesabu zinazofuata uvihesabu kama kipokezi kimoja chenye mahitaji ya viwili.

Utajua umefaulu kama kila jozi ya vipokezi vinavyohudumiwa pamoja inaachana kwa pembe inayozidi upana wa boriti.

## Hatua ya 5: Tengeneza lahajedwali na utafute idadi ya antena

Tumia herufi hizi: A ni idadi ya antena, V ni idadi ya vipokezi vinavyohudumiwa pamoja, N ni jumla ya wati zinazorushwa hewani, B ni upana wa masafa kwa megahezi, D ni data yote kwa megabiti kwa sekunde, na J ni jumla ya umeme unaotoka kwenye betri.

Data inayopatikana (log2 ni logi ya msingi wa 2):

D = V × B × log2(1 + g × (A − V) × N ÷ V)

Umeme unaotumika:

J = N ÷ u + A × s + w

Katika fomula ya kwanza utaona A − V badala ya A peke yake. Sababu ni kwamba mtambo unatumia sehemu ya uwezo wa antena zake kuzuia mawimbi ya kipokezi kimoja yasikiingilie kingine, na kila kipokezi kinachoongezwa kinakula sehemu hiyo. Fomula hii inachukulia kwamba vipokezi vimetengana vizuri. Ndiyo maana hatua ya 4 imetangulia. Aidha ni hesabu ya wakati mtambo unarusha kwenda kwa vipokezi. Muda wa kupokea na muda wa mawimbi ya kupimia njia utaupunguza kwenye data mwishoni.

Kwa kuwa unajua D unayoihitaji, igeuze fomula ili ikupe N:

N = V × (2^(D ÷ (V × B)) − 1) ÷ (g × (A − V))

Kwa megabiti 300, vipokezi 4, megahezi 20 na g ya 0.25, inafupika kuwa N = 199.3 ÷ (A − 4). Weka A kwenye safu ya kwanza ya lahajedwali, N kwenye ya pili, J kwenye ya tatu:

| Antena | Wati za kurusha | Wati kutoka kwenye betri |
|---|---|---|
| 8 | 49.8 | 194 |
| 16 | 16.6 | 91 |
| 20 | 12.5 | 82 |
| 24 | 10.0 | 77 |
| 32 | 7.1 | 76 |
| 40 | 5.5 | 78 |
| 48 | 4.5 | 83 |
| 64 | 3.3 | 95 |

Isome safu ya pili kwanza: inashuka bila kukoma, na anayeiangalia hiyo pekee lazima atachagua antena 64. Kisha isome safu ya tatu. Inashuka, inafika chini karibu na antena 30, halafu inapanda tena. Data ni ileile megabiti 300 kwenye kila mstari.

Uone jinsi hesabu ya nusu inavyopotosha. Mtambo wa antena 64 ukirusha wati 1 tu unatoa megabiti 180 kwa sekunde. Ukigawanya kwa wati inayorushwa unapata megabiti 180 kwa kila jouli (wati moja kwa sekunde moja), namba inayopendeza sana kwenye wasilisho. Ukigawanya kwa wati 87 zinazotoka kweli kwenye betri, unapata megabiti 2.06 kwa jouli. Antena 32 zikirusha wati 8 zinatoa megabiti 313 kwa wati 79, yaani karibu megabiti 4 kwa jouli, takriban mara mbili ya hiyo.

Sehemu ya chini ya jedwali imelala. Kati ya antena 24 na 40 tofauti ni wati mbili au tatu tu, ambazo ni chini ya kosa la kipimo chako cha klampu. Hapo umeme hauamui tena. Unaamua kwa mambo mengine. Mimi ningechukua 24: bamba ni jepesi, linapigwa na upepo kidogo, na saketi zinazoweza kuharibika ni chache kwa nane kuliko zile za mtambo wa 32. Kama tayari una mtambo wa antena 32, utumie bila wasiwasi.

Ipo pia njia ya mkato ya kuhakikisha jibu. Gawanya ile namba 199.3 kwa (u × s), tafuta kipeuo chake cha pili, kisha ongeza V. Kwa mfano wetu, kipeuo cha pili cha 664 ni karibu 26, kujumlisha 4 ni antena 30. Kwenye nukta hiyo umeme unaoliwa na amplifaya unakuwa sawa na umeme unaoliwa na saketi za antena zinazozidi idadi ya vipokezi. Ukikuta amplifaya zinakula zaidi, ongeza antena. Saketi zikila zaidi, punguza.

Njia hiyo ya mkato inaonyesha pia kwa nini hakuna jibu moja la vituo vyote. Saketi ikila wati 4 badala ya 1, idadi inayofaa inashuka hadi antena 17 hivi. Njia ikiwa mbaya zaidi kwa desibeli 6, inapanda hadi 56. Mtu atakayekunakilia idadi ya antena kutoka kituo kingine, hata cha kijiji jirani, amekupa jibu la swali ambalo si lako.

Tahadhari. Kibali chako kina ukomo wa nguvu inayoelekezwa upande mmoja, si wa wati zinazotoka kwenye amplifaya tu. Antena 24 zikirusha kwa pamoja kuelekea sehemu moja zinaongeza karibu desibeli 14 juu ya nguvu zinazotoa. Jumlisha na faida ya kila antena, kisha linganisha na kilichoandikwa kwenye kibali kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Panga ratiba ya usiku

Megabiti 40 kwa vipokezi vinne zinahitaji kazi ndogo sana ya kurusha. Antena 24 zingerusha theluthi moja ya wati, lakini saketi zake zingeendelea kula, na jumla ingekuwa wati 45. Zima 16, ubaki na 8: sasa unarusha wati 1.7, mara tano ya awali, lakini betri inatoa wati 33.5 tu. Kurusha kwa nguvu zaidi kumepunguza matumizi ya umeme. Wengi huona hili kama kosa la hesabu na kulirekebisha, liache lilivyo.

Usizime hadi chini ya 8 katika mfano huu. Kwa antena 6 amplifaya zinaanza kulipa fidia kubwa, na jumla inapanda hadi wati 37.

Njia nyingine ni kuacha antena zote, kurusha data kwa kasi ya mchana kwa muda mfupi, kisha kulaza saketi mpaka data nyingine ikusanyike. Kama saketi zikilala zinabaki na asilimia 30 ya matumizi yake, utapata karibu wati 34, yaani sawa na kuzima antena. Faida inakuwa kubwa pale saketi zinapolala usingizi mzito. Mitambo ya 4G haipati nafasi hiyo kwa urahisi, kwa sababu hulazimika kurusha mawimbi ya rejea kila milisekunde hata kama hakuna mtumiaji. Ile ya 5G inaweza kukaa kimya kwa milisekunde 20 au zaidi kati ya matangazo yake ya lazima.

Utajua umefaulu klampu ikishuka kweli saa 4 usiku na vipokezi vyote vinne vikibaki hewani. Kama kipokezi kimoja kinapotea kila ratiba inapobadilika, washa antena za asubuhi dakika chache mapema na uzime za usiku kwa makundi madogo.

## Hatua ya 7: Geuza wati kuwa paneli na betri

Mchana saa 16 kwa wati 77 ni wati-saa 1,232. Usiku saa 8 kwa wati 33.5 ni 268. Jumla ni wati-saa 1,500 kwa siku. Mtambo wa antena 64 bila kuzima chochote usiku ungehitaji karibu 2,195 kwa kazi ileile.

Dodoma ina jua la kutosha, lakini kadiria kwa saa 5 za jua kamili kwa siku, kisha hesabu kwamba asilimia 70 tu ya umeme wa paneli itafika kwenye mtambo baada ya joto, vumbi, kontrola na betri kuchukua chao. Kwa hiyo gawanya kwa 3.5: unahitaji paneli za wati 430 badala ya 627 za mtambo wa antena 64. Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, ili mvua ziweze kuziosha. Katika miezi ya kiangazi mvua hiyo haipo na upepo huleta vumbi jingi, kwa hiyo mtu wa kuzifuta awe amepangwa kabisa kwa jina na siku, si kwa matumaini.

Kwa siku mbili za mawingu, betri ya lithiamu inayotumiwa hadi asilimia 80 inatakiwa kuwa na wati-saa 3,750, ambazo kwa volti 48 ni ampea-saa 78. Betri ya ampea-saa 100 inatosha na kubakiza. Ule mtambo wa 64 ungetaka 114, maana yake betri ya pili.

## Hatua ya 8: Jaribu vipokezi vyote kwa pamoja

Kosa la mwisho linalorudiwa ni kupima kasi ya kipokezi kimoja, vingine vikiwa kimya, na kuandika kwamba kituo kimefaulu. Kipokezi kimoja peke yake hakipimi utenganisho wa mawimbi. Endesha iperf3 kwenye vipokezi vyote vinne kwa wakati mmoja kwa dakika kumi, huku mtu mwingine akiandika usomaji wa klampu kila dakika.

Gawanya jumla ya megabiti kwa sekunde kwa wastani wa wati. Kwa mfano wetu ungetarajia 300 kwa 77, karibu megabiti 3.9 kwa jouli, ukiondoa sehemu ya muda ambayo mtambo unapokea badala ya kurusha. Kama wati ni sahihi lakini data ni pungufu, rudi hatua ya 4. Karibu kila mara kuna vipokezi viwili visivyotengana. Ili kuvipata, zima kimoja kimoja kwa zamu: kile ambacho kikizimwa kasi ya kingine inapanda ghafla ndicho chenye mgongano nacho. Kama data ni sahihi lakini wati zimezidi, rudi hatua ya 2.

Baada ya hapo acha kituo kifanye kazi wiki nzima, ikiwemo siku ya mnada, huku ukirekodi volti ya betri kila siku saa 12 asubuhi. Volti hiyo ikiwa haishuki kutoka siku moja hadi nyingine, kabidhi kituo. Ikishuka kidogokidogo kila asubuhi, punguza data ya juu ya mchana kwa asilimia 10 kwenye lahajedwali, uone wati ngapi zinaokolewa, na uzungumze na watumiaji kabla ya kuagiza paneli nyingine. Rudia kipimo cha hatua ya 3 mara moja katikati ya masika, vichaka vikiwa vimejaa majani, na uandike g mpya pembeni mwa ile ya kiangazi.